Faili ya komunike ilipotea: kosa ni ya umeme, ao ni ginsi programu inaandika ku diski?

Siku moja asubui, papa mmoja alifika ku mlango wa redio yetu na karatasi ya malipo mkononi. Alikuwa amelipia komunike ya kilio. Ndugu yake alikufa, maziko ni siku ile ile saa nane, na jamaa wenye kukaa pembeni ya muji na kule njia ya Kipushi walikuwa wanangojea kusikia saa na fasi kupitia redio. Komunike ile haikusomwa hata mara moja. Tulipofungua programu yenye kuchunga orodha ya komunike, tukakuta orodha tupu. Majina, saa, bei, hakuna kitu.

Papa hakupiga kelele. Aliuliza tu: «Sasa bantu watajua namna gani, mwanangu?» Tulisoma komunike yake mara tatu mbele ya saa sita, lakini kuna wenye walifika makaburini wakati wengine walikuwa wanarudi.

Jioni ya mbele umeme ulikatika, kama vile kila mukaaji wa Lubumbashi anajua. Mama wa resepsio alikuwa amebonyeza «Enregistrer» na kabla hajatoa mkono ku mashini, giza. Ordinatere yetu ni ile ya fixe, haina batri ndani, na onduleri yake ilikufa zamani, inabakia pale chini ya meza kama kiti cha paka. Tuliita kijana mwenye kutengeneza programu ile, mwanafunzi wa informatiki hapa hapa muji. Alitazama, akatikisa kichwa.

«Yaya, ile si programu. Ni umeme. Lakini msihangaike, nitaiandika upya yote na natifu. Manaje njo inaleta mambo kama haya.»

Natifu na manaje. Ofisini hakuna mtu aliyefahamu, lakini kwa sababu kazi ya kuandika upya ingetugusa mfukoni, nilitaka kuelewa mbele ya kulipa. Niliuliza wenye kufundisha mambo haya, nikasoma vitabu vya watengenezaji, nikakaa na kijana siku tatu mbele ya mashini. Nandika hapa yale nimeelewa, sababu si sisi peke yetu. Depo ya unga, farmasi, shule yenye kuandika minervale, kanisa lenye kuandika watu wa ndoa, sekretariati ya pembeni ya barabara: leo fasi hizi zote zina programu ndogo yenye kijana fulani alitengeneza, na umeme unaokatika ni ule ule.

Depo, ufunguo na magaziniye

Waza diski ya ordinatere kama depo kubwa. Programu inataka kuweka kitu ndani ao kutosha kitu. Kuna njia mbili.

Ya kwanza, programu inaenda yenyewe ku mlango wa mfumo wa ordinatere, tuseme Windows, na kuomba kuingia. Windows ina kazi zake zenye majina: CreateFile kwa kufungua, ReadFile kwa kusoma, WriteFile kwa kuandika, CloseHandle kwa kufunga. Ukiomba kufungua, Windows inakupa namba, kama jetoni ya ku hospitali. Kila mara unataka kusoma ao kuandika unaonyesha jetoni. Ukimaliza unairudisha. Hii njo watu wanaita interfasi ya natifu. Ku Linux ni vile vile na majina ingine: open, read, write, close. Wenye kuandika kwa lugha ya C ao C++ wanaipenda.

Ya pili, kati ya programu na mlango kuna magaziniye. Wewe unaandika bon: «Weka orodha hii katika faili hii.» Yeye anaenda ku mlango, anashika jetoni, anaandika, anafunga. Kwa wenye kutumika na C# magaziniye huyu anaitwa System.IO, na ni sehemu ya .NET yenye Microsoft ilitoa mwaka 2002. Java iko na wake tangia miaka ya 1990, na ilimupatia ndugu mupya, java.nio.file, mwaka 2011. Python na WinDev ya Wafaransa nazo ziko na mtu wa kati wa namna hiyo. Ku WinDev hata majina ni ya Kifaransa, fOuvre, fEcrit, fFerme, na pengine ndiyo sababu moja vijana wa nchi zetu za Kifaransa wanaizoea haraka.

Jambo la kwanza la kushika: magaziniye hana depo yake ya siri. FileStream ya .NET, ukiifungua ndani, utakuta jetoni ile ile ya Windows imefichwa. Kwa hiyo faili yenye kuandikwa na njia ya manaje na ile ya natifu inalala ku diski moja, katika rafu moja. Tofauti iko katika nani anachunga jetoni, nani anakuambia kama kitu kimeharibika, na vitu vinangojea fasi gani mbele ya kufika ku rafu.

Meza tatu

Hapa njo moyo wa habari, na hapa njo kijana wetu alikuwa anapotea.

Unapoandika neno moja katika programu, neno lile haliende ku diski papo hapo. Kwanza linakaa ku meza ya magaziniye. FileStream ya kawaida inakusanya mpaka bayti 4096 mbele ya kupeleka, sababu kwenda ku mlango kila mara kwa neno moja ni kupoteza nguvu. Kiisha linaingia ku meza ya pili, ile ya Windows yenyewe, ndani ya RAM. Windows inaambia programu «sawa, nimeandika», lakini kweli bado. Itaandika kiisha sekunde kidogo, wakati itapata nafasi. Meza ya tatu iko ndani ya diski yenyewe, kipande kidogo cha kumbukumbu chenye diski inatumia kwa kupanga kazi yake. Nyuma ya meza ya tatu njo kuna rafu, fasi yenye kitu kinakaa hata umeme ukienda.

Sasa tuulize: ukitumia njia ya natifu unaruka meza ngapi? Moja tu. Ile ya magaziniye. WriteFile ya kawaida inaacha mzigo ku meza ya Windows, vile vile kama magaziniye angeuacha. Programu ikikufa peke yake, ile ya «ne répond pas», mzigo wenye kufika ku meza ya Windows unaokoka, na natifu inakuwa imekusaidia kidogo. Lakini umeme ukikatika, meza zote tatu zinapinduka mara moja. Rafu peke yake inabakia.

Nilipochora meza hizi ku kaye, kijana alinyamaza kidogo. Kiisha akasema: «Basi ningeandika yote upya, na ingepotea tena.» Njo vile.

Kwa kulazimisha mzigo ufike ku rafu, natifu iko na kazi moja: FlushFileBuffers. Manaje nayo iko nayo, imefichwa ndani ya FileStream, na hapa kuna mtego wenye kukamata watu wengi. Ukiandika Flush() na mabano matupu, magaziniye anasafisha meza yake tu, anaacha mzigo kwa Windows. Ukiandika Flush(true), anaita FlushFileBuffers na kungojea mpaka diski ijibu. Neno moja ndani ya mabano. Ile Flush ya StreamWriter, yenye vijana wengi wanatumia kwa kuandika maandishi, hainaga huyo «true». Unapashwa kuiita, kiisha kushuka ku FileStream iliyo chini yake na kuita Flush(true). Ku Java kazi hiyo ni force ya FileChannel, ku Python ni os.fsync, ku Linux yenyewe ni fsync.

Lakini yetu haikupotea hapo

Tulipofungua kodi ya programu, tulikuta kosa iko mbele zaidi. Kila mara mama wa resepsio anabonyeza Enregistrer, programu ilikuwa inaita File.WriteAllText na jina la faili ile ile. Maana yake: fungua faili ya zamani, ifute yote, kiisha andika orodha nzima upya. Kati ya kufuta na kumaliza kuandika kuna kipindi kidogo chenye orodha ya zamani haiko tena na ya mupya haijafika. Ni kidogo sana, lakini umeme hauchagui saa.

Na ku natifu? CreateFile iko na chaguo yenye jina CREATE_ALWAYS, na inafanya vile vile kabisa: inakata faili mpaka sufuri kiisha inakupa jetoni. Kijana angehamisha kosa yake kutoka nyumba moja kwenda nyumba ingine, na kulipwa juu ya kuhamisha.

Kuna watu watauliza: NTFS, ule mpango wa Windows wa kupanga diski, haina jurnali yenye kulinda? Iko nayo. Lakini jurnali ile inalinda vitabu vya depo, si mizigo: majina ya faili, ukubwa, rafu gani ni ya nani. Yale yenye kuwa ndani ya faili haiyalinde. Ndiyo sababu kiisha umeme kukatika unaweza kukuta faili yenye ukubwa sawasawa na ndani yake ni sufuri tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wengi wanasema «ni virusi». Si virusi. Na flashi zetu, zenye kupangwa FAT32 ao exFAT, hazina jurnali hata ya vitabu, kwa hiyo kuweka orodha yako ya kazi ku flashi na kuiandikia pale pale ni kucheza na moto.

Dawa ya kosa yetu inajulikana zamani, na haiulize kama wewe ni wa natifu ao wa manaje. Usiguse faili ya zamani. Andika orodha mupya katika faili ingine pembeni, tuseme komunike.tmp. Lazimisha ifike ku rafu. Ifunge. Kiisha njo ubadilishe: mupya inachukua jina la zamani, na zamani inapewa jina ingine ya akiba. Umeme ukikatika wakati unaandika, ya zamani iko pale, mzima. Ukikatika nyuma ya kubadilisha, ya mupya iko pale. Ku .NET kazi ya kubadilisha ni File.Replace, na inakubali jina la tatu kwa faili ya akiba. Ku Windows yenyewe inaita ReplaceFile ya natifu. Chunga: File.Replace inakataa kama faili ya zamani haiko bado, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa unatumia File.Move. Kijana alisahau hilo na programu ikaanguka mbele ya mama wa resepsio, akacheka mpaka machozi.

Ilikuwa mistari kama kumi na mbili. Si programu mupya.

Kwa nini basi watu wanasifu natifu?

Sababu yenye utasikia mara nyingi ni mbio. Iko na ukweli wake, zamani kupita leo. Kupitia magaziniye kunakula kidogo, na FileStream ya zamani ilikuwa na uzito fulani. Lakini mwaka 2021, ku .NET 6, Microsoft iliiandika upya sana kwa kuongeza mbio, na iliweka pia darasa lenye kuitwa RandomAccess lenye kukuacha uandike fasi yoyote ya faili bila meza ya magaziniye kabisa. Nafasi kati ya njia mbili ikawa ndogo.

Na kwa kazi zetu mbio ile si kitu. Fanya hesabu. Diski ya kawaida yenye kuzunguka inazunguka mara 7200 kwa dakika, ndiyo mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja unakula karibu milisekunde 8. Kulazimisha mzigo kufika ku rafu kunaweza kuomba mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Tuseme milisekunde 30. Depo yenye kuuza sana, mtu mmoja ku kesi anaandika mauzo moja kwa nusu dakika. Mashini inangojea milisekunde 30, mtu anangojea sekunde 30. Mwenye kukuambia anaacha Flush(true) juu ya mbio, mwambie aende asimame ku kesi siku moja ya sokoni.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: mashini za zamani. Hapa muji kuna ordinatere zenye zilikuja zimekwisha kutumika Ulaya, na ndani yao Windows 7. .NET 8 haikubali Windows 7. Inaomba Windows 10 ao ya juu. Unaweza kubakia na .NET Framework 4.8, yenye inakubali Windows 7 yenye Service Pack 1, lakini kama haiko ndani ya mashini, kifurushi chake cha kuweka bila intaneti kinapita mega 100, na mega zile mteja atakuomba wewe uzilipe. Programu ya natifu ya C++ ao Delphi inaweza kuwa faili moja ya mega mbili, unaipeleka na flashi, inafunguka. Kwa mtu mwenye mashini ya giga 2 ya RAM, hii si maneno ya bure. Lakini ona vizuri: hii ni sababu ya uzito na ya mfuko, haina kitu na usalama wa faili.

Kuna pia kazi zenye magaziniye hajui, ao anajua nusu. Kubadilisha jina la faili na kungojea diski iseme «imekwisha», Windows iko na MoveFileEx yenye alama ya WRITE_THROUGH, File.Move ya .NET haina chaguo hiyo. Kuzungumza na kifaa cha pekee. Kuandika sauti ya saa nyingi bila kupitia meza ya Windows, kazi yenye wajenga programu za redio wanaijua. Pale natifu ni ya lazima.

Lakini hata pale hauhami nyumba. Kutoka C# unaandika mstari wenye kuanza na DllImport, unataja jina la kazi ya natifu, na unaiita kama yako. Kazi moja tu, fasi moja tu, na mengine yote yanabakia kwa magaziniye. Si ndoa.

Jetoni na makosa

Kuna upande wenye natifu inaomba mtu mukomavu. Njia ya moja kwa moja haikulilie. WriteFile ikishindwa, inarudisha jibu la «hapana» na kunyamaza. Ni wewe uulize GetLastError, nayo inakupa namba: 5 maana yake umekatazwa, 32 maana yake programu ingine imeshika faili ile, 112 maana yake diski imejaa. Usipouliza, programu inaendelea kama vile kila kitu ni sawa, inaonyesha mteja «Enregistré», na ku rafu hakuna kitu. Waza mashini ya redio yenye diski imejaa nyimbo mpaka juu. Namba 112 ingeweza kuja kila siku na hakuna mtu angejua mpaka papa mwingine asimame ku mlango.

Magaziniye wa manaje anapiga kelele. Anatupa kosa, programu inasimama kama hukuikamata, na ujumbe unatoka. Unaudhi, lakini unajulisha. Isipokuwa mtengenezaji aliweka catch tupu, ile ya kumeza kosa na kusonga mbele ili mteja asione dirisha jekundu. Niliona tatu ku programu yetu. Kijana alisema aliziweka «kwa muda». Zilikaa miaka miwili.

Na jetoni? Ku natifu, usiporudisha jetoni, faili inabakia imeshikwa mpaka programu ifungwe. Ku manaje kuna yule Wafaransa wanamuita ramasse-miettes, mwenye kupita na kuokota makombo ya kumbukumbu. Vijana wengi wanafikiri ataokota na jetoni pia. Ataokota, lakini saa yenye yeye anataka, pengine kiisha dakika nyingi, na wakati huo faili yako imefungwa kwa wengine. Kibaya zaidi, StreamWriter ikiachwa bila kufungwa, mizigo yenye ilibakia ku meza yake haiende popote; mwokota makombo anaitupa. Mistari ya mwisho ya orodha inakatika katikati ya jina. Ndiyo sababu C# iko na neno using, Python iko na with, na Java ilipata yake mwaka 2011: zinafunga faili mara kazi inapoisha, hata kama kosa imetokea. Mwenye kutumia manaje bila maneno haya ameajiri magaziniye na kumukataza kufunga mlango.

Kidogo juu ya majina yetu pia, sababu niliona ku orodha «FÃ©licitÃ©» fasi ya Félicité. Faili iliandikwa na UTF-8, mwingine akaisoma kama maandishi ya zamani ya Windows. StreamWriter ya .NET inaandika UTF-8 bila kuulizwa. Ku natifu, Windows inabeba bayti tu, haijui herufi. Wewe mwenyewe unachagua, na kwa jina la faili unapashwa kuita CreateFileW, si CreateFileA, ao «Décès» itakuletea shida ku mashini ingine. Na njia ndefu: Windows tangia zamani ilikata anwani ya faili ku herufi 260. Kuanzia Windows 10 ya mwaka 2016 unaweza kuondoa mpaka huo, na .NET Framework 4.6.2 ya mwaka ule ule iliufwata. Wenye kupanga mafolda ndani ya folda ndani ya folda, mumeonywa.

Mlango wa tatu

Mwalimu mmoja niliyemuuliza alisikiliza yote, kiisha akasema kwa upole: kwa nini munaandika orodha ya komunike katika faili ya maandishi? Kuna SQLite.

SQLite ni ghala ndogo ya habari yenye kukaa katika faili moja, bila serveri, bila kulipa. Mmarekani D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, wakati alikuwa anatumika ku programu ya manowari za jeshi la Marekani, na ghala kubwa la serveri lilikuwa linasimamisha kazi kila mara serveri haipatikani. Leo iko ndani ya karibu kila simu yenye uko nayo. Imeandikwa na C, kwa hiyo ndani ni natifu tupu, yenye kuita kazi za kulazimisha diski saa yenye inapashwa. Lakini kutoka C#, Java ao Python unaiita kwa njia ya manaje. Wenye kuitengeneza wamejaribu umeme kukatika ku kila hatua, kazi yenye mimi na kijana hatungeweza kufanya katika miaka kumi. Inachunga jurnali yake: kazi iliyokatika katikati, ukifungua tena, inairudisha nyuma mpaka pale ilikuwa nzima.

Iko na masharti. Usiweke faili yake ku folda ya pamoja ya rezo na kuacha mashini tatu ziandike pamoja. Usicheze na chaguo ya «synchronous» kwa kuizima juu ya mbio, utakuwa umerudia meza tatu. Na kama programu yako inaandika vitu kumi tu kwa siku, dawa ya faili ya pembeni na File.Replace inatosha.

Sisi tulianza na hiyo ya kwanza, sababu komunike za kesho hazingojee. Kiisha mwezi kijana alihamisha orodha ku SQLite, na alibakia ku C#. Mbele ya kuilipa tulifanya jaribio lenye naweza kushauri kila mwenye depo na kila prefe wa shule: chukua mashini isiyokuwa na kitu cha maana, weka programu, mwambie mtu abonyeze Enregistrer bila kusimama, na wewe uvute prizi ku ukuta. Rudisha, washa, fungua, angalia. Rudia. Programu ya zamani ilitoa orodha tupu mara ya ine. Ya mupya tuliivuta mpaka mama wa resepsio akasema tutaharibu mashini, na orodha ilikuwa pale kila mara. Mara moja komunike ya mwisho haikuwamo, ile yenye ilikuwa inaandikwa prizi ikitoka. Zote za mbele yake zilikuwamo.

Kaye hatujaitupa. Mama wa resepsio anaandika kila komunike na biki kwanza, kiisha ku mashini, na saa kumi na mbili ya jioni mtu wa zamu anakopia faili ku flashi na kuipeleka kwake. Onduleri bado iko chini ya meza. Batri mupya yake tumeiandika ku bajeti ya mwezi ujao.